Jinsi ya kumtambua nondo wa fuvu kwenye mashamba ya ufuta Lindi

Ufuta wa Ruangwa, Nachingwea au Kilwa ukishashona majani, chunguza kama kuna nondo mkubwa mwenye mchoro wa fuvu la mtu mgongoni. Kisayansi ni Acherontia atropos. Wapo wanaomuua kwa hofu, lakini hang'ati wala hana mwiba.

Hatua ya 1. Chagua usiku wa giza. Mbalamwezi hufifisha taa, wadudu hawaji. Tundika shuka jeupe la mita 2 kando ya shamba, likazwe vizuri (likipepea hawatui), kisha weka taa mbele yake.

Hatua ya 2. Akitua, mfunike kwa kopo angavu na utelezeshe kadibodi chini yake. Usimshike mabawa: rangi yote ni magamba madogo, hubaki vidoleni kama unga. Nondo aliyechakaa hata fuvu limeshafutika, ndiyo maana usilitegemee peke yake.

Hatua ya 3. Mpime. Mabawa yakikunjuliwa hufika sentimita 9 hadi 13. Akitulia, yale ya mbele, kahawia iliyokolea yenye mawimbi, humfunika kama paa, utadhani ni gome la mti. Mguse taratibu kwa unyasi. Atayainua, na hapo ndipo uzuri wake unapoonekana: mabawa ya nyuma ya manjano yenye mikanda miwili myeusi, tumbo la manjano lenye pingili nyeusi na mstari wa bluu ya kijivu katikati. Atalia pia, kama panya. Ni hewa inayopita kwenye mrija wake wa kunyonyea.

Hatua ya 4. Angalia mrija huo. Nondo wa viazi vitamu, Agrius convolvuli, huwachanganya wengi: ana pingili za waridi na mrija mrefu sana. Wa fuvu ana mrija mfupi, mnene, wa kutoboa nta ya masega, kwani huingia mizingani kunywa asali. Mlango wa mzinga wenye kimo cha milimita 8 humpitisha nyuki, lakini humzuia nondo huyu.

Hatua ya 5. Asubuhi tafuta vinyesi vikubwa vya kiwavi wake chini ya mmea, kisha inua macho. Kiwavi aliyekomaa hufika sentimita 12, ni kijani, manjano au kahawia, ana pembe iliyopinda mkiani. Ukimsumbua hugonganisha taya. Kwa kawaida huwa mmoja mmoja, hivyo mtoe kwa mkono. Ukipulizia dawa shamba zima wakati wa maua, utawaua nyuki wanaouchavusha ufuta wako.