Mazoezi ya kumnoa mpelelezi mpya: upekuzi, vielelezo na mahojiano

Haya ni mazoezi ninayowapa wapelelezi wapya hapa Dar es Salaam. Tafuta chumba, simu kuukuu, bahasha za kaki, fomu tupu na saa ya ukutani.

1. Upekuzi. Ficha simu chumbani. Mmoja awe mwenye nyumba, mwingine mjumbe wa shina kama shahidi huru. Mpekuzi aanze na hati ya upekuzi. Akiipata simu, aiorodheshe palepale. "Simu moja nyeusi" usikubali, Kariakoo zimejaa. Aandike aina, IMEI (namba ya pekee ya kila simu), na kioo kimepasuka kona ipi. Wote watatu watie sahihi, mwenye nyumba apewe stakabadhi.

2. Makabidhiano. Simu itiwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe, ibandikwe lebo, iende kwa mtunza vielelezo, kwa mtaalamu, irudi. Kila anayepokea aandike jina, tarehe, saa. Mahakama ya Rufani ilisisitiza kumbukumbu za namna hii katika shauri la Paulo Maduka na wenzake (Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007).

3. Saa. Hapa usiharakishe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za msingi za kuhoji, tangu mtuhumiwa anapowekwa chini ya ulinzi. Muda wa kumpeleka kituoni hauhesabiwi, alimradi hahojiwi njiani. Foleni ya Mbagala basi si tatizo. Tatizo ni yule anayeanza maswali ndani ya gari. Muda wa kuwasiliana na wakili nao haumo. Wape hesabu: amekamatwa saa 3:00 asubuhi, amefika kituoni saa 5:00, amezungumza na wakili hadi saa 6:00, hajaulizwa kitu. Mwisho ni saa 10:00 jioni. Muda ukiwa hautoshi, mpelelezi anayesimamia shauri anaweza kuuongeza kwa saa zisizozidi nane, au aombe kwa hakimu kabla haujaisha.

4. Onyo. Mtuhumiwa aelezwe, kwa lugha anayoielewa, kosa lake, kwamba halazimiki kujibu zaidi ya jina na anwani, na kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kisha mnong'oneze anayeigiza mtuhumiwa: "Kataa kujibu." Utamsikia tu mpelelezi: "Dogo, sema ukweli, leo utalala kwenu." Simamisha zoezi hapohapo. Ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha kwamba ungamo lilitolewa kwa hiari, na ahadi kama hiyo inaweza kuliua.

5. Kizimbani. Mwalike wakili wa utetezi alihoji jalada. Mpelelezi akijibu kwa kukumbuka badala ya kufungua ukurasa, hatua hiyo airudie kesho yake.