Kabla hujabeba miche ya kahawa, pima mwinuko halafu tazama juu

Mvua zikikaribia watu tunakimbilia kitaluni kama kuna mnada, na mimi mwaka wa kwanza nilifanya hivyohivyo, nikarudi na miche imejaa kwenye pikapu halafu ndo naanza kujiuliza naipanda wapi. Ntaongelea huku kwetu Kilimanjaro, ila mtu wa Mbinga au Mbozi naye atapata cha kuchukua.

Kwanza jua shamba liko mita ngapi toka usawa wa bahari. Simu inapima, huhitaji mtaalamu. Kahawa ya arabika inakaa vizuri kati ya mita 1,000 na 2,000 hivi, sasa wengi wanaishia hapo, wanaona wako ndani basi mambo safi, kumbe kila mita 100 ukipanda joto linashuka kama nyuzi 0.6, kwa hiyo wewe wa mita 1,100 na shemeji yako wa mita 1,700 mmetofautiana zaidi ya nyuzi 3 na hamuwezi kulima kwa mtindo mmoja hata kama miche mmetoa kitalu kimoja. Huku chini adui ni jua, mti ukichoka, mdudu bungua anatoboa na kuingia kwenye shina, kwa hiyo kivuli kiwe cha kutosha. Kule juu kuna ukungu na baridi, ukiweka kivuli kizito umemkaribisha chulebuni (ule ugonjwa wa kuoza buni changa) mwenyewe, acha mwanga upite.

Ndo maana nasema tazama juu kabla ya kutazama chini. Kuna miti gani hapo tayari? Wazee waliofungua vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya huku kwetu, hawakufyeka kila kitu, waliacha mruka, mringaringa, msesewe (huo gome lake unalijua kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi), na hawakuwa wajinga. Mruka majani yake ni madogo, mwanga unachuja, na mizizi yake inaongeza naitrojeni kwenye udongo, yaani mbolea ya bure. Mringaringa unamwaga majani mapana yanayofunika ardhi, nyuki wanapenda maua yake, na mbao yake bei nzuri. Sisi wa siku hizi tunapanda mgrivea peke yake shamba zima kwa sababu unakua haraka na kuni zipo. Sio mbaya, ninao, lakini majani yake yanachelewa kuoza na upepo mkali unavunja matawi, halafu ukiwa na aina moja tu, siku ugonjwa ukiupata kivuli chote kimeondoka. Changanya hata aina nne tano, mirefu juu, migomba katikati, kahawa chini. Mkaratusi weka mbali kabisa, unakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Na parachichi, najua bei inatamanisha, ila kivuli chake ni kizito, panda pembeni mpakani, kwenye masale, sio katikati ya kahawa.

Kama shamba ni jeupe halina mti, usitegemee mruka uliopanda leo ukupe kivuli mwakani, haiwezekani. Anza na migomba, ndo mwavuli wa muda, miti ikikua unapunguza migomba taratibu. Na kama unao mti mkubwa unaotaka kuukata, ulizia kwanza habari za kibali, hata kama ni wa kwako na uliurithi kwa babu.

Miche yenyewe tafuta zile chotara za TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania), zinahimili chulebuni na kutu ya majani, ila sikia vizuri, hazizuii wadudu, bungua hajui chotara. Mashimo futi mbili kwa mbili na kina futi mbili, udongo wa juu uweke upande wake, uchanganye na samadi iliyooza, urudishe, uache utulie. Ukitaka kupanda masika ya Machi basi chimba Desemba au Januari, mimi nilichimba asubuhi nikapanda jioni na karibu nusu ya miche ilinifia.