Kondo la nyuma: kazi ya muuguzi mkunga mtoto akishatoka

Mtoto akilia, ndugu huanza vigelegele nje, lakini mkunga bado yumo kazini. Damu nyingi baada ya kujifungua huua akina mama kuliko tatizo lingine lolote la uzazi, na mara nyingi huanza ndani ya saa chache za mwanzo.

Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10, iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano kichwa kinapochomoza. Dawa hii huhifadhiwa nyuzijoto 2 hadi 8. Ampuli iliyolala juu ya kabati hupungua nguvu bila kubadilika rangi, kwa hiyo macho hayatakuonya.

Mkaushe mtoto, mlaze kifuani kwa mama, kisha papasa tumbo. Kama kuna pacha, usichome: mfuko wa uzazi utambana akose hewa. Kama hayupo, choma sindano pajani pa mama, kwenye msuli, ndani ya dakika 1. Kitovu kibane na kukikata baada ya dakika 1 hadi 3, isipokuwa mtoto hapumui na anahitaji kupewa hewa mara moja.

Sasa ndiyo sehemu ya kutulia. Subiri mfuko ukaze, uuhisi mgumu chini ya kiganja. Mkono mmoja uweke juu ya mfupa wa kinena, usukume mfuko kuelekea kifuani. Mwingine uvute kamba ya kitovu taratibu, kuelekea chini. Kondo lisiposogea kwa sekunde 30 hadi 40, acha, ngoja mkazo mwingine. Anayevuta mfuko ukiwa laini, au bila ule mkono wa juu, anaweza kukata kitovu au kuugeuza mfuko nje ndani. Haraka hapa haina faida yoyote. Likitoka, lipokee kwa mikono miwili ukilizungusha ili utando usichanike, ulitandaze na kukagua vipande vyote. Pengo moja linatosha kuendeleza damu. Dakika 30 zikipita halijatoka, ita msaada au andaa rufaa.

Kanda mfuko mpaka ukaze, halafu upapase kila dakika 15 kwa saa 2. Ukilegea, angalia kibofu kwanza. Kikijaa huuzuia kukaza, na mama mara nyingi hajisikii haja ndogo.

Damu usiikisie kwenye kanga na pamba, utaihesabu pungufu. Weka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye vipimo. Utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukachapishwa 2023, uliunganisha kipimo hicho na matibabu ya pamoja, na visa vya kutokwa damu kupita kiasi vikapungua kwa asilimia 60. Ikifika mililita 500, usitoe huduma moja moja: kanda mfuko, ongeza oksitosini, toa asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuacha kutoka) gramu 1 kwenye mshipa polepole kwa dakika 10 (kabla ya saa 3 tangu kujifungua), weka dripu, na kagua michaniko ya njia ya uzazi wakati mwenzako anapiga simu ya rufaa.