Kabla hujafuata satelaiti ya njia ndefu ukiwa Lubumbashi

Watu wengi wakisikia kufuata satelaiti, yaani kuilenga na antena usikilize redio yake, wanawaza zile za karibu kama kituo cha anga ISS, inatokea, dakika chache, imekwisha. Ya njia ndefu, yaani njia iliyovutika kama yai, ni mambo mengine kabisa. Chukua zile Molniya za Warusi: zinazunguka dunia mara mbili kwa siku, chini zinashuka hadi kilomita 500 na kitu, juu zinapanda karibu 40,000, kule chini zinakimbia kama kilomita 10 kwa sekunde lakini kule juu moja na nusu tu, yaani masaa mengi ziko mbali zinajikokota. Basi kabla hujanunua hata waya, jiulize kwanza, ile sehemu ya juu inaangukia wapi ukitazamia hapa kwetu?

Hii njo inaangusha wengi. Molniya zilipangwa kwa ajili ya Urusi, kilele chake kiko juu ya kaskazini kule kwenye nyuzi 63, na sisi tuko kusini ya ikweta nyuzi 11 na nusu na zaidi kidogo. Nilipiga hesabu, hata ikisimama kwenye mstari wetu wa kaskazini-kusini kabisa inakuwa nyuzi 7 tu juu ya upeo, upande wa kaskazini, sasa na miembe na mabati ya jirani hapo utaona nini? Kwa hiyo tafuta ile ambayo kilele chake kinatupendelea. Za ncha kwa ncha, zile zinazopita juu ya ncha mbili za dunia, zinaweza kufaa, maana kilele chake kinahama kidogo kidogo mwaka kwa mwaka, kuna miaka kinakuwa kusini.

Na usiseme ni kazi ya mashirika makubwa tu. NASA walirusha satelaiti ya sayansi inaitwa IMAGE Machi 2000, njia yake kama kilomita 1,000 kwa 46,000, Desemba 2005 ikanyamaza, wakaihesabu imekufa. Januari 2018 Scott Tilley, mtu wa redio ya kujifurahisha kule Kanada, alikuwa anatafuta satelaiti nyingine akaisikia inaongea. Aliijua kwa sababu namna sauti ile ilivyokuwa inapanda na kushuka masafa ililingana na data za njia yake.

Hizo data sasa. Ni ile mistari miwili ya namba, TLE, unaichukua kwenye tovuti ya CelesTrak unaiweka kwenye programu ya kufuata satelaiti kama Gpredict. Ichukue mpya, siku ile ile kama uniti za simu zinaruhusu. Angalia: data ikikosea sekunde 10 wakati satelaiti iko chini, ni kilomita 100 imehama, na kama iko kilomita 600 toka kwako antena yako imeshapotea nyuzi 9 hivi. Kosa lile lile kule kileleni ni kilomita 15 kwa umbali wa 40,000, hutajua hata kama kuna kosa. Ndiyo maana nasema anayeanza asiende kukimbizana nayo chini, asubiri kilele, pale hata mota ya kuzungusha antena haihitajiki, unasogeza kwa mkono kila baada ya dakika kadhaa unaendelea na chai yako.

Saa nayo. Lubumbashi iko masaa mawili mbele ya UTC, ile saa ya dunia nzima, Kinshasa moja, na kwenye orodha ya kompyuta majina yote mawili yapo, ukichagua Kinshasa umekosea saa nzima. Mimi naacha programu kwenye UTC basi. Halafu mahali: karibu 11.66 kusini, 27.48 mashariki, mita kama 1,200 juu ya bahari. Programu nyingine inataka alama ya kutoa kwa kusini, ukiisahau inakuweka Sudani na unabaki unalaumu antena bure.

Kileleni ishara inakuwa hafifu, hapo hakuna njia ya mkato. Umbali ukitoka kilomita 1,000 ukafika 40,000 nguvu inayokufikia inapungua mara 1,600, kwa hiyo antena ya waya iliyosikia satelaiti za karibu haitoshi, unahitaji parabole, ile antena ya sahani. Na satelaiti za sayansi nyingi zinaongea kwenye gigahezi 2.2, wakati kile kidude cha RTL-SDR, redio ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, kinaishia karibu 1.7, lazima upate kifaa cha kushusha masafa katikati.

Jaribu vyombo kwanza kwa kitu kisichohama. Hapa tuna bahati: QO-100, satelaiti yenye redio ya watu wa kujifurahisha, imesimama kwenye nyuzi 26 mashariki, karibu juu ya vichwa vyetu, nyuzi 76 toka upeo, inaelekea kaskazini kidogo. Parabole ya zamani ya televisheni na LNB yake, kile kichwa cha kupokea mbele ya sahani, vinatosha, ishara ya satelaiti ya 10,489.75 megahezi LNB ikiishusha kwa 9,750 inatua 739.75, kidude kinaisoma vizuri. Iache LNB ikae nje kwanza muda kidogo, joto linaihamisha masafa. Ukiisikia, kidude, waya na programu ni vizima, kilichobaki ni kile kifaa cha kushusha masafa ya 2.2, pamoja na kulenga. Ila dira ya simu juu ya mabati inadanganya, shuka chini upime.

Kuraa, yaani umeme, usiitegemee. Kilele kinachukua masaa, kwa hiyo chaji beteri mapema, kompyuta na simu zijae, na rekodi iandikwe kwenye diski kila mara, kuraa ikikatika usipoteze usiku wote.

Halafu majirani. Mtu na parabole uani saa sita za usiku, anaizungusha na tochi mdomoni, mutaani hapa maneno yanaweza kuanza haraka sana, kwa hiyo pitia kwa shefu wa karche, mkubwa wa mtaa, mchana, umweleze, hata umwalike aje asikilize. Mwambie wazi ni kusikiliza tu. Kurusha ni kitu kingine, kunataka kibali cha ARPTC, wasimamizi wa posta na mawasiliano wa Kongo, na hicho ukitafute kabla ya kununua mtambo wa kurushia.