Somo: Kufumbua mafumbo ya majina ya stesheni, kuanzia Dar hadi mwisho wa reli

Vurugu bila tamati, zikirudi nyuma, zinaleta maji Dar (2).

Ukisoma haraka utadhani ni habari ya maandamano au bomba lililopasuka. Jibu ni Ruvu. Chukua neno vurugu, toa silabi ya mwisho, zibaki vu-ru. Zigeuze: ru-vu. Na maji ya bomba tunayotumia hapa mjini kwa sehemu kubwa hutoka mto Ruvu. Hakuna neno lililowekwa pale kwa urembo.

Kila fumbo la aina hii lina pande mbili. Upande mmoja unaieleza stesheni: mkoa, mto, sifa ya mji, au stesheni jirani. Upande wa pili unalichezea jina lenyewe. Pande zote mbili lazima zikutane kwenye jibu moja. Upande mmoja ukigoma, huna jibu, una bahati nasibu. Namba kwenye mabano ni idadi ya silabi. Waingereza, ambao gazeti lao la The Times lina chemshabongo yake tangu 1930, huhesabu herufi. Sisi tunahesabu silabi, na yeyote aliyewahi kusema kinyume utotoni ili wakubwa wasimwelewe tayari anayo nusu ya ujuzi.

Hatua ya 1: Kuwa na orodha

Usianze bila orodha. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, ina Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu na Dodoma. Kutoka reli ya kati ya zamani ongeza Zuzu, Bahi, Saranda, Manyoni, Itigi, Tabora, Kaliua na Kigoma. Yasome kwa sauti, kwa mpangilio, maana watunzi wanapenda sana kumtaja jirani.

Hatua ya 2: Tafuta pa kukata

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tukae kidogo. Tazama hili:

Nusu moyo, nusu roho, ugoro usio na kichwa, kasoro bahari (4).

Jicho linakimbilia neno "kasoro". Unaanza kutafuta namna ya kutoa b-a-h-a-r-i kwenye kitu fulani, na unaweza kukesha. Mtunzi ametega hapo makusudi. Kata fumbo kabla ya "kasoro": maneno mawili ya mwisho hayakuagizi kutoa chochote, ndiyo maelezo ya mji. Mji kasoro bahari ni upi? Sasa rudi mwanzo uhakikishe: nusu ya moyo ni mo, nusu ya roho ni ro, na ugoro ukikatwa kichwa unabaki goro. Morogoro.

Kanuni ninayoitumia: maelezo hukaa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa, hayakai katikati. Funika ncha moja kwa kidole, soma kilichobaki, kisha funika ncha ya pili. Upande utakaosikika kama amri (geuza, toa, meza, nusu) ndio wa mchezo.

Alama za uandishi na herufi kubwa usiziamini. "Kisa kimemeza mshangao, mkata ameshapita (3)." Lo! ni mshangao. Kisa kikiumeza tunapata ki-lo-sa. Na yule mkata si fukara wa kwenye methali, ni stesheni ya Mkata unayoipita kabla ya kufika Kilosa. Herufi ndogo imemvalisha kanzu ya watu.

Hatua ya 3: Tambua aina ya mchezo

Maana mbili ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu majina mengine ni maneno ya kila siku. "Porojo za barazani mkoa wa Pwani (2)": Soga. "Ukisimama hivi huyumbi, Kilosa ukishaiacha (3)": Kidete. "Mjinga jirani na makao makuu (2)": Zuzu, na wenyeji watusamehe.

Kificho hujitambulisha kwa kwenye, ndani ya au tumboni. "Kwenye kapu gumu, Dar hatujatoka (2)." Soma kapu gumu bila kupumua: ka-PU-GU-mu. Vivyo hivyo kata bora imeificha Tabora.

Kuunganisha: embe dodo likiongezewa mwanzo wa makao linakuwa Dodoma. Nge akiimba noti ya pili, kisha akarudia, umefika Ngerengere. Ninaipenda hii kuliko zote, kwa sababu ukishaisikia hutaacha kumwona nge kila treni ikipita pale.

Kukata na kugeuza umeviona kwenye Ruvu.

Hatua ya 4: Hakiki

Hesabu silabi, kisha soma fumbo upya ukiwa na jibu mkononi. Neno lolote likibaki bila kazi, jibu lako lina walakini.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi wa Tabata. Mkata ni silabi mbili au tatu?*

Marahaba. Ni tatu: m-ka-ta. M hapo inasimama peke yake, kama kwenye Mpanda, m-pa-nda. Lakini "nda" haigawanyiki, wala "nge" ya Ngerengere.

*Kuna fumbo linasema "Bahili kakatwa mkia, kaipita Dodoma (2)". Nimepata Bahi. Mwenzangu kapata Bahi pia lakini anasema inatokana na hiba iliyogeuzwa. Nani yuko sahihi?*

Wewe. Hiba ikigeuzwa inatoa Bahi kweli, ila fumbo hilo halitaji zawadi popote. Mwambie mwenzako amelitatua fumbo ambalo halijatungwa, na alitunge yeye.

*Kaka, inaruhusiwa kutumia majina ya watu? Nimetunga hili: "Spika wa zamani akigeuka, Dodoma inakaribia (3)."*

Ndu-ga-i, i-ga-ndu. Igandu! Kazi nzuri, dada. Job Ndugai alikuwa Spika wa Bunge 2015 hadi 2022, anajulikana na kila mtu, kwa hiyo ni halali. Majina ya majirani zako usiyaweke.

*Mbona TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mmeitenga? Kilomita 1,860 hazina hata fumbo moja?*

Hatujaitenga. Jaribu hili: "Mpeleka maneno akibadili silabi ya mwisho anapata baridi ya nyanda za juu (2)." Mbea akiacha a akachukua ya, anakuwa Mbeya. Watu wa Mbeya wameshanisema vya kutosha.

*"Ngoma ndogo mwisho wa reli (3)." Hili nalo ni fumbo? Hata kondakta wa daladala analijua.*

Ni kweli, Kigoma imejianika. Ukisema "mwisho wa reli" umeshataja mji. Ningeandika "Ngoma ndogo ziwani".

*Gulwe je?*

Nimeshindwa kuitungia inayosomeka. "Lwe" haina ndugu wengi kwenye Kiswahili. Mwenye nayo aje nayo.

*Tupe moja ya kwenda nayo nyumbani.*

Sifa ya pilipili mbele ya waridi: hapa reli ya Mpanda inachepuka (4).