Kuandaa elektroliti ya antrakwinoni kwa betri ndogo ya mtiririko

Wageni wa maabara hukimbilia pampu zinazosukuma elektroliti, yaani vimiminika vinavyobeba chaji, kupitia seli. Mimi huwarudisha kwenye mzani, maana betri hizi huharibikia kwenye chupa kabla hata ya kufika kwenye seli. Ninafuata njia iliyotoka Harvard mwaka 2015: upande hasi DHAQ (2,6-dihaidroksiantrakwinoni), upande chanya ferosianidi ya potasiamu, zote ndani ya potasiamu haidroksaidi. Vanadi, metali inayotumika kwenye betri nyingi za mtiririko, haimo. DHAQ ni kwinoni, ukoo mmoja na rangi iliyomo kwenye hina. Dukani iulizie pia kwa jina la asidi ya antraflaviki.

Kwa upande hasi, ml 50, pima DHAQ gramu 1.2 na vidonge vya haidroksaidi gramu 4. Unaona vidonge ni vingi? Kila molekuli ya DHAQ inakula haidroksaidi mbili ndipo iyeyuke, nasi tunataka 1 M (moli moja kwa lita) ibaki huru. Halafu vidonge vyenyewe kwa kawaida ni haidroksaidi asilimia 85 tu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Vaa miwani na glavu, yeyusha vidonge kidogo kidogo, kwa sababu bika itapata moto kwelikweli. Ikipoa, mimina unga. Ni wa njano, lakini ukigusa maji yale unageuka mwekundu mzito kama juisi ya rosela. Ukiona punje chini, endelea kukoroga kabla ya kujaza maji hadi alama.

Upande chanya: ferosianidi ya fuwele zenye maji, gramu 6.3, vidonge gramu 3.3, ml 50. Nimeizidisha makusudi, kwani DHAQ hubeba elektroni mbili na yenyewe moja. Funika chupa kwa foili, mwanga huiharibu. Isikutane na asidi kamwe, hata kwenye ndoo ya taka: inaweza kutoa gesi ya sianidi, nayo inaua.

Sasa nitrojeni. Pitisha mapovu kwenye chupa nyekundu nusu saa, kisha acha gesi ipite juu ya kimiminika muda wote wa kazi. DHAQ iliyochajiwa ikionja oksijeni, chaji inapotea bure. Hapa ndipo watu wengi hulaumu utando, ule unaotenganisha pande mbili ndani ya seli, bila kosa. Utando ukitoboka utajua: mrija wa upande chanya, wenye kimiminika cha njano, utaanza kuwa mwekundu.

Chupa nyekundu ina uwezo wa mAh 268. Kwa seli ya sentimita 5 za mraba nachaji kwa mA 250, na nakomea mAh 230. DHAQ ikikaa imejaa pomoni huvunjika polepole kuwa antroni, molekuli isiyofanya tena kazi ya kubeba chaji. Uwezo ukishuka, usiimwage. Ishushe chaji yote, itoe kwenye seli, ipulizie hewa ya kawaida; watafiti wa Harvard walionyesha mwaka 2019 kwamba oksijeni hurudisha sehemu kubwa ya antroni kuwa DHAQ. Ndiyo, hewa ile ile tuliyoifukuza. Ukimaliza, nitrojeni tena nusu saa, ndipo uwashe pampu.