Kambare wa magogo: usimvute, mtoe na gogo lake

Ukifuga kambare wa magogo wa Amerika Kusini, wale wa jamii ya Auchenipteridae kama Tatia au Trachelyopterus galeatus, usijaribu kumchomoa kwenye tundu lake. Mchana kutwa hujibana ndani ya ufa wa gogo, kisha hutanua miiba ya mapezi ya ubavuni na wa mgongoni na kuikaza. Ukivuta, utamjeruhi, na gogo halitamwachia. Unapotaka kumhamisha, nyanyua gogo zima polepole, lishushe kwenye ndoo yenye maji ya tangi hilohilo, umwache atoke mwenyewe. Wavu pia uepuke, maana miiba hunasa kwenye nyuzi na utaishia kuukata kwa mkasi. Kopo la plastiki linatosha.

Chakula mpe baada ya kuzima taa. Porini hula sana wadudu wanaoanguka juu ya maji, kwa hiyo vipande vya minyoo na punje zinazoelea huvidaka vizuri. Kumlisha mchana ni kuwashibisha samaki wengine tu.

Na usimweke na samaki wadogo wembamba. Galeatus hufika sentimita 20 hivi, na kinachoenea mdomoni usiku asubuhi hukioni.

Jingine: urutubishaji wao hufanyika ndani ya mwili wa jike, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume. Kwa hiyo jike aliyetenganishwa na madume akitaga mayai yakaanguliwa, usimtafute dume aliyejificha.